Korongo Chini ya Makoti

Ukiuliza habari za Ruqayya pale Kiganjo, wale waliobaki wanaomkumbuka watakuambia juu ya mkokoteni. Watakuambia walimwona akipita nao, cherehani chini, godoro juu ya cherehani, na mtoto wake Hayat akifuata nyuma ameshika taa ya chemni kwa mikono miwili. Hawadanganyi. Lakini hiyo ni nusu ya habari, na mimi Wakonyo, mama Gachanja, niliyefanya kazi meza moja naye sitaki nusu ndiyo ibaki.

Ruqayya alizaliwa Majengo ya Thika. Baba yake, mzee Idarous, alikuwa akishona kanzu karibu na msikiti, naye ndiye aliyemfundisha kutarizi kwa cherehani akiwa bado mtoto wa shule. Unatoa yale meno ya cherehani yanayovuta kitambaa, kitambaa chenyewe unakibana kwenye pete ya mbao, halafu unakiendesha wewe kwa mikono huku sindano ikipanda na kushuka. Miguu inakanyaga, mikono inazunguka, macho hayapepesi. Ni kazi ya mtu asiyetulia, na ilimfaa. Alitarizi shingo za kanzu, beji za sweta za shule, foronya za maharusi. Mbele ya cherehani alikuwa mtu mzima kamili. Mtoe hapo umkalishe kwenye stuli na kikombe cha chai, basi ni kama amekalia siafu.

Nyumba ndizo zilizomshinda. Alitoka Majengo akaenda Kiandutu, akatoka Kiandutu kwa sababu mabati yalikuwa yakilia kwa upepo. Akaja Kiganjo. Ploti ya kwanza aliyopanga, jirani alikuwa akichemsha matumbo kila jioni. Ploti ya pili mwenye nyumba alikuwa akimsalimia mara nyingi mno. Akaenda mpaka Kiuu, kule Ruiru, akarudi Kiganjo kwa kuwa Kiuu hakuna aliyemjua. Kila kuhama kulikuwa na sababu, na kila sababu ukiisikia peke yake uliikubali. Ni ukizipanga pamoja ndipo unatikisa kichwa. Mumewe Mahir alikuwa dereva wa lori, na aliporudi safari alipita kwanza dukani kuuliza siku hizi watu wake wako wapi. Alikuwa akicheka tu. Kisha Mahir akafa kwa homa, mwaka wa tisini na mbili, na baada ya hapo hakuna aliyeona jambo la kuchekesha.

Kaka yake Mahir aliitwa Adan, mfanyabiashara wa ngozi, nyumba yake Isiolo. Sitamsema vibaya, hakuwa mtu mbaya. Alikuja mwanzoni mwa tisini na nne kumtazama mtoto wa ndugu yake, akafika Kiganjo akakuta chumba kitupu kimefagiliwa. Siku nzima alitembea na mfuko wa tende mkononi akiuliza mlango kwa mlango, mpaka akampata Hayat Kiuu, ametoka shuleni anangoja mama yake kwenye ngazi ya nyumba ambayo hata yeye hakuwa ameizoea. Adan akaenda kukaa na wazee wa msikiti wa Majengo, Ruqayya akaitwa. Adan akasema mtoto wa Mahir hatalelewa juu ya mkokoteni. Baada ya Idd ya kuchinja angekuja tena na ngozi zake za kuuza kwa wenye viwanda Thika. Akimkuta shemeji yake ana nyumba moja na kazi moja, na kuna mtu wa heshima wa kumsemea, mtoto abaki. La sivyo, Hayat anaondoka naye kwenda Isiolo kukua na binamu zake.

Wazee waliona ni haki. Ruqayya alikubali mbele yao, akatoka nje, akaanza kuufuata ule ukuta wa msikiti kama mtu anayetafuta mlango.

Alirudi Kiganjo wiki hiyo hiyo, chumba kimoja karibu na shule, na mimi ndiye niliyempeleka kwa Bwana Gachau. Huyu alikuwa na karakana ya viti Ruiru, kando ya ile barabara ya zamani, na mimi nilikuwa mkataji wake. Nasema bila haya kwamba kati ya Ruiru na Thika hakukuwa na mwingine aliyekata kitambaa cha kiti kikalala kama nilivyokata mimi. Wakati huo vilikuwa vimeanza kuingia viti vipya kutoka ng'ambo, vinakuja vipande vipande, sisi tunavifunga na kuvivalisha. Mguu mmoja, magurudumu chini, unavuta wenzo kiti kinapanda au kinashuka. Mgongo wa kiti ulikuwa umepinda, umetokeza pale kiunoni ili umshike aliyekaa asiumie. Gachau aliviita viti vya mgongo. Wateja wengine waliuliza kama ni vya hospitali.

Kazi iliyomleta Ruqayya ilikuwa ya Mzee Kagwe, mwenye kiwanda cha chakula cha mifugo Thika. Nembo ya kiwanda chake ilikuwa korongo mwenye taji kichwani. Wageni walikuwa wanakuja kutoka nje ya nchi kutazama kiwanda, na Mzee alitaka ofisi nzima ipate viti vya mgongo, na kila kiti kiwe na korongo wake. Kupaka rangi hakutaka, alisema rangi inabanduka kama ya baiskeli. Alitaka uzi. Gachau akamwambia Ruqayya mbele yangu kwamba kazi hii ikipita, atamwandika kazi ya kudumu, na yeyote atakayekuja kuuliza yeye atamjibu kwa mdomo wake. Alijua habari za Adan. Ruiru nzima ilijua.

Ukihesabu, siku ya wageni iliangukia ile wiki ya kwanza baada ya Idd. Ruqayya aliliona hilo kabla yetu wote.

Ndege wa kwanza alitoka mnene. Kitambaa kikiwa kimelala mezani alikuwa korongo, lakini tulipokivuta juu ya ule mgongo uliopinda, shingo ikajaa na miguu ikapotea. Gachau alimtazama kwa muda, akauliza kama Mzee Kagwe ameanza kufuga bata. Tulicheka mpaka Ruqayya naye akacheka. Akatarizi mwingine mwembamba zaidi, akavutwa, akasimama vizuri. Gachau akasema sawa, endelea hivyo, weka nyuma ya kiti, katikati, paonekane na anayeingia. Kisha akaenda Nairobi kutafuta sponji, maana sponji ya Ruiru ilikuwa imekuwa kama mkate wa juzi, na huko akakaa zaidi ya alivyosema.

Mimi nilikata, yeye akatarizi. Sijaona mtu akifanya kazi vile. Alikuwa akija kabla sijafungua mlango, na akiondoka ilikuwa ni kwa kukimbia kumpikia Hayat. Mguu wake haukuacha kukanyaga hata alipokuwa akikata uzi. Kila alipomaliza korongo mmoja alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akatazama barabara ya Thika, akarudi. Nilimwambia Adan hawezi kufika kabla ya Idd. Akasema anajua.

Gachau aliporudi alikuta vitambaa vyote vimeisha, akafurahi, tukaanza kuvalisha. Kiti cha kwanza kilipokamilika akakizungusha tukitazame kwa nyuma. Korongo alikuwa chini. Alikuwa katikati kweli, kulia na kushoto sawa kabisa, lakini chini, kidole kimoja tu kutoka kwenye pindo. Cha pili vile vile. Vyote vile vile.

Nilielewa papo hapo, kwa sababu na mimi navaa leso, ile kanga yenye maneno. Ukiitandaza leso, maneno yake yako chini, katikati, juu kidogo ya pindo, kwa kuwa leso husomwa na anayekuja nyuma yako ukitembea. Ruqayya amekua akiona kitambaa namna hiyo tangu akibebwa mgongoni. Ukimwambia nyuma, katikati, paonekane, mkono wake unajua mahali, haungoji kuuliza.

Gachau alishika kichwa.

"Mama Hayat," akasema, "hii kiti umeivalisha leso."

"Ulisema nyuma, katikati."

"Katikati ya mgongo, mami. Si ya makalio."

Kitambaa kingine cha rangi ile hakikuwepo, kilikuja na viti vyenyewe. Kutoa uzi kungeacha matundu. Gachau alizunguka karakana akigusa kiti kimoja kimoja, mwishoni akasema tutavipeleka vilivyo, Mungu asaidie, lakini yale maneno ya kazi ya kudumu tuyaache kwanza. Hakuyasema kwa ukali. Afadhali angekuwa mkali.

Jioni hiyo nilipita kwa Ruqayya Kiganjo. Nilimkuta ameshafunga godoro kwa kamba. Cherehani ilikuwa mlangoni. Hayat alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anafanya hesabu za shule kwenye goti, wala hakuinua macho. Mtoto amezoea. Ruqayya akaniambia kuna chumba Kiuu, kuna mwanamke anamjua, wataondoka asubuhi, na Adan akija asimpate, atarudi zake Isiolo. Alikuwa akisema huku anazunguka, anachukua sufuria, anaiweka, anaichukua tena.

Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilikaa juu ya lile godoro lililofungwa ili asiweze kulibeba.

"Ukihama kesho," nikamwambia, "umempa Adan mtoto kwa mkono wako mwenyewe. Hatakuwa na haja ya kuuliza kitu. Chumba kitupu kitamjibu."

Aliiweka sufuria chini. Kisha akamtazama Hayat, na Hayat safari hii akainua macho.

"Mama Gachanja," akaniambia, "ondoka juu ya godoro langu. Mtoto alale."

Nikaondoka. Akaanza kufungua kamba.

Viti vilipelekwa. Siku ya wageni, Gachau aliitwa kwa simu ya duka la jirani. Meneja wa kiwanda, Bwana Odhiambo, alisema Mzee Kagwe anamtaka yeye pamoja na yule mama wa korongo, waje sasa hivi. Hakusema kwa nini. Ruqayya alikuwa na sweta ya kijani, akaivua akaitupa juu ya mgongo wa kile kiti cha kwanza cha majaribio, kile cha bata, kilichobaki kwetu, akajitanda buibui na kumfuata Gachau. Mei ilikuwa inaisha na baridi imeshaingia. Nilitaka kumwambia achukue sweta, lakini alikuwa ameshavuka barabara.

Hata sikumaliza kukata mto mmoja. Nikasikia mtu anapiga hodi, "Asalaam aleikum." Nikaitikia, nikageuka. Alikuwa Adan. Alikuwa ametoka kuuza ngozi, na harufu ilikuwa imemtangulia. Amepitia Kiganjo, akaambiwa mama Hayat yuko kazini Ruiru. Nilimkaribisha. Kiti cha pekee kisichokuwa na kitambaa nusu kilikuwa kile cha bata. Akakaa, mgongo wa kiti ukamshika kiuno, nikaona uso wake umelegea kidogo, maana mtu aliyetoka Isiolo ndani ya lori la ngozi ana kiuno kama kuni.

Akauliza shemeji yake yuko wapi.

Kwa kweli kulikuwa na majibu mengi. Nikachagua lile ambalo kila mtu wa ofisi katika nchi hii hulitumia.

"Yuko," nikasema. "Ametoka kidogo. Si unaona sweta yake hapo nyuma yako."

Adan akageuka, akaishika ile sweta mkono, akaiangalia kama anayepima ngozi.

"Mama," akasema, "mimi nauza ngozi. Kila mwaka natafuta kibali. Makoti ya karani nayajua yote, la kahawia, la bluu, hata lenye kiraka. Nimekaa nayo asubuhi mpaka wanafunga mlango. Koti halijawahi kunipa kibali."

Nikamwekea chai. Akasema atangoja, na akangoja kweli. Mimi nikawa ndiye nisiyetulia. Nilikata pale ambapo hapakuhitaji kukatwa. Kila gari lililopunguza mwendo nilikwenda mlangoni kama alivyokuwa akifanya Ruqayya, na Adan akawa ananitazama juu ya kikombe. Aliniuliza ni kweli kwamba ana nyumba moja sasa. Nikasema ndiyo. Akauliza, kazi je? Nikasema hilo Bwana Gachau atalisema mwenyewe. Akasema ndilo alilokuja kulisikia.

Sasa niwaambie yaliyotokea Thika, kama Gachau alivyoyasimulia baadaye, na aliyasimulia mpaka akazeeka. Wageni walipofika, makarani wote walikuwa wametolewa nje kusimama mstari na kusalimia. Mzee Kagwe akawaingiza wageni ofisini kuwaonyesha viti vyake. Na kila kiti kilikuwa kimevaa. Koti hapa, sweta pale, kadigani ya mama Aketch wa hesabu na mikono yake yote miwili. Odhiambo alikuwa amewaambia asubuhi wayatoe makoti, lakini hakukuwa na misumari ya kutundikia, na karani anayetoka bila kuacha koti kitini anajua atakuta jina lake limeshaulizwa. Kwa hiyo migongo yote imefunikwa. Korongo angekuwa katikati ya mgongo, pale ambapo Gachau alimtaka, hakuna mgeni ambaye angemwona hata mmoja. Ila chini ya pindo la kila koti alikuwepo korongo, amesimama na taji lake, mstari mzima, kama ndege wanaochungulia chini ya ua. Mgeni mmoja aliinama kumtazama. Mzee Kagwe akajaa furaha, akaagiza waliotengeneza waitwe, kwa sababu alikuwa na ofisi nyingine Nakuru. Akamuuliza Gachau walijuaje kumweka chini. Gachau akasema walifikiria sana.

Ruqayya alisimama nyuma yake amejifunga buibui kwa baridi.

Waliingia karakana jua likiwa limeshapinda. Ruqayya alimwona Adan kabla Adan hajamwona, akasimama mlangoni, mkono kwenye fremu, na mimi niliyemjua nikaona miguu yake inataka barabara. Kisha akaingia.

"Shikamoo, shemeji. Umengoja."

"Nimekaa na sweta yako," Adan akasema. "Ni mpole."

Gachau, aliyekuwa bado na sifa za Mzee Kagwe masikioni, hakuhitaji kuulizwa. Akamsalimu Adan kwa mikono miwili, akamwambia huyu mama ni mfanyakazi wangu wa kudumu, amekuwa hivyo tangu leo mchana, na ukitaka kumwondoa utaniondoa mimi kwanza. Adan akamsikiliza mpaka mwisho. Akanyanyuka polepole, akaichukua sweta akampa Ruqayya aivae.

"Mtoto abaki," akasema. "Lakini nitakuwa nakuja bila kusema. Siku nitakayokuta sweta bila mtu, nampitia Hayat shuleni na tunaondoka. Usinilaumu."

"Sitakulaumu," Ruqayya akasema.

Adan alitimiza neno lake. Alikuja msimu wa mvua na msimu wa vumbi, wakati mwingine na ngozi, wakati mwingine na tende tu. Kila mara alimkuta Ruqayya mbele ya cherehani, na kila mara alitazama kwanza kiti na kisha mtu. Tulitarizi korongo wa Nakuru, tukatarizi simba wa watu wa bima, mti wa chama cha ushirika, na nyota moja mbaya sana ya watu wa matairi. Wote chini, kidole kimoja kutoka pindo. Gachau aliwaambia wateja kuwa ndiyo mtindo.

Watu waliona Ruqayya ametulia. Mimi niliyeingia kwake niliona. Chumba kilikuwa kile kile kimoja cha Kiganjo, lakini kitanda leo kilikuwa dirishani, wiki ijayo mlangoni, mwezi ujao kimekata chumba katikati. Kabati lilizunguka kuta zote nne. Alihama ndani ya chumba kwa sababu nje hakuruhusiwa. Hayat aliniambia akitoka shule husimama kwanza kizingitini kutafuta kitanda kilipo. Jirani alipoanza kufuga kuku chini ya dirisha, nilijua kwa uso wa Ruqayya kwamba zamani angeondoka siku hiyo hiyo. Alikuja kazini, akaifungua cherehani yote, skrubu kwa skrubu, akaipaka mafuta, akaifunga tena. Miaka yote hiyo sikumsikia akisema neno Kiuu.

Hayat alipita darasa la nane vizuri. Januari ya tisini na tisa akaitwa shule ya bweni. Adan alikuja mwenyewe kumpeleka, amebeba sanduku la bati begani, na Ruqayya alikuwa amemtarizia mtoto jina lake kwenye kila nguo, chini, karibu na pindo.

Jumatatu iliyofuata nilipita Kiganjo asubuhi. Mkokoteni ulikuwa mlangoni. Cherehani chini, godoro juu yake. Ruqayya alikuwa anafunga kamba, na sijawahi kumwona amekuwa kijana vile. Nikamuuliza anaenda wapi. Akasema ataona. Akanikumbatia, akasema nimwambie Gachau kazi iliyobaki ameimaliza, iko mezani.

Nilipofika karakana nikakuta kweli imemalizwa na kukunjwa. Na kwenye kile kiti cha bata ilikuwepo sweta ya kijani, imetandazwa vizuri mabegani. Gachau aliitazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye misumari yake. Mteja wa kwanza alipouliza fundi wa nembo yuko wapi, Gachau akamwambia yuko, ametoka kidogo.

Adan alikuja mwezi wa tatu, bila kusema. Aliingia, akasalimia, akatazama kiti. Nilishika mkasi nikangoja. Alikaribia akaigusa sweta begani, akaona vumbi limeanza kukaa, akalipangusa. Kisha nikamsikia anacheka, kicheko kile kile cha Mahir nilichokuwa nimekisahau.

"Ametoka kidogo," akasema.

Akavuka barabara kwenda dukani kuuliza siku hizi shemeji yake yuko wapi.